Dakika Nne Bila Kulabu

Saa 9 usiku kamba ya tanga la mbele ilinasa, na mume wangu akatoka kwenda kuinasua.

Mimi nilikuwa shetrini, nyuma ya chombo, nimeshika usukani. Tanga lilikuwa linajipigapiga, na kila pigo liliutikisa mlingoti hadi nikalisikia viganjani. Akanigusa bega. "Shika hivi hivi, mama," akasema. Kisha akaenda ubavuni mwa chombo, akitambaa kwa magoti na mikono, taa yake ya kichwani ikimulika sitaha iliyolowa.

Ndipo nilipoiona kulabu.

Mkanda wake wa usalama una utepe wenye urefu wa karibu mita 2, na mwisho wa utepe kuna kulabu ya kufunga kwenye kamba nene tuliyoitandika toka tezi hadi omo, yaani toka nyuma hadi mbele ya chombo. Kulabu hiyo haikuwa imefungwa popote. Ilikuwa inaburuzika nyuma yake, ikigonga sitaha kila chombo kilipolala ubavu.

Alikaa huko dakika 4. Najua, kwa sababu saa ilikuwa mbele yangu, na macho yangu hayakuwa na pengine pa kwenda ila kwenye saa ile na kwenye ile taa. Akainasua kamba, akageuka, akarudi vile vile alivyokwenda. Akaketi.

"Tayari," akasema.

"Ahsante," nikasema.

Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyeumia, kulipokucha tulikuwa tumeshaipita rasi na jioni yake tulitia nanga mahali shwari. Wiki 7 zimepita tangu hapo, na bado naamka usiku nikiisikia ile kulabu ikigonga sitaha.

Kwa nini tulikuwa huko

Watu huuliza kwa nini tunasafiri kwa tanga pwani wakati wa baridi, wakati wenzetu wamevipandisha vyombo vyao nchi kavu na kuvifunika. Jibu langu halijabadilika kwa misimu minne: ghuba huwa tupu. Mahali ambapo majira ya joto huwezi kugeuza chombo bila kugusana na cha jirani, majira ya baridi unakuta maji meusi yaliyotulia na ndege wachache. Mwanga huja chini chini na kukaa hivyo siku nzima. Kamba zikiwa na barafu asubuhi, zinalia zikikunjwa.

Na kuna giza. Kwenye nyuzi 50 za latitudo, siku fupi kuliko zote za mwaka jua hukaa juu kwa saa 8 hivi. Zinazobaki 16 unazimaliza ndani ya chumba cha hatua tatu, jiko la kupasha joto likivuma, pumzi zenu wenyewe zikigeuka matone na kudondoka kutoka darini. Tumezungumza mambo mengi kwenye giza hilo. Mambo ya watoto, ya wazazi wetu waliotangulia, ya maneno tuliyowahi kuambiana miaka 20 nyuma na kuyaacha bila kuyamaliza. Ningeapa kuwa kwenye chombo kile hakuna kitu ambacho hatukukisema.

Ufupi wa siku ndio uliotufanya tusafiri usiku. Maili 60 za bahari kwa mwendo wa noti 5 ni saa 12. Upende usipende, sehemu yake itakukuta gizani. Tulichoweza kuchagua ni sehemu ipi. Tulitaka kuifikia rasi wakati mkondo umesimama, kwa sababu mkondo ukikutana na upepo uso kwa uso, mawimbi husimama wima kama ngazi, na siku zile zilikuwa za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Kwa hiyo tuling'oa nanga jioni, tukapiga hesabu ya kufika rasini alfajiri.

Hesabu ilikuwa nzuri. Aliipiga yeye, nikaikagua mimi, hatukukosea hata robo saa.

Mambo hayo tunayajua. Tunajua kusoma majedwali ya maji kujaa na kupwa. Tunajua kuwa hewa ya baridi ni nzito, kwamba upepo ule ule wa noti 20 kwenye nyuzi 0 husukuma tanga kwa nguvu zaidi kiasi cha asilimia 10 kuliko kwenye nyuzi 30, kwa hiyo majira haya hupunguza tanga mapema. Tuna kengele ya ile hewa yenye sumu isiyo na harufu ambayo jiko bovu linaweza kuitoa mkiwa mmelala. Tulikuwa watu waangalifu.

Sikupiga kelele

Hili ndilo lililonikaa kooni. Niliona, na sikupiga kelele.

Nimejipa sababu nyingi. Kwamba upepo ungemeza sauti yangu. Kwamba angegeuka kunisikiliza na kugeuka ndiko kungemwangusha. Sababu hizi si za uongo. Ningemfundisha mtu mwingine hivyo hivyo. Lakini usiku ule hazikunijia kwa mpangilio huo. Kilichonijia kwanza, kabla ya upepo na kabla ya kugeuka, kilikuwa kitu kama adabu. Yeye ndiye nahodha. Ameanza bahari akiwa kijana, mimi nilimfuata baadaye. Nilifikiri: atakuwa anajua anachofanya.

Kisha nikafikiri jambo la pili, ambalo naliona baya zaidi. Nilifikiri kuwa nikimwambia, ataona haya.

Kwa hiyo nilishika hivi hivi.

Hesabu niliyoikwepa

Nilipokaa nyumbani, nikachukua karatasi.

Tulikuwa tunakwenda noti 6. Noti 6 ni mita 185 kwa dakika. Kama angeteleza, na mimi nikatumia dakika 1 tu kushtuka na kuweza kufanya jambo la maana, angekuwa nyuma yetu kwa urefu wa karibu viwanja viwili vya mpira, usiku, kwenye mawimbi yaliyomzidi kimo. Kichwa cha mtu majini hakizidi ukubwa wa kifuu. Kikiingia bondeni kati ya wimbi na wimbi, hukioni kabisa.

Kwenye chombo chenye watu wengi, mtu akianguka, mmoja hupewa kazi moja tu: kumnyooshea kidole na kutoondoa macho, hata wengine wafanye nini. Mimi ningekuwa ndiye wa kunyoosha kidole, ndiye wa kubonyeza kitufe cha kuweka alama kwenye ramani ya setilaiti, wa kulegeza demani, ile kamba inayokaza tanga, wa kuwasha injini bila kamba kuingia kwenye rafadha inayosukuma chombo, wa kuita msaada kwenye chaneli 16 ya redio. Kila moja ya kazi hizo inataka mikono yote miwili na macho yote mawili.

Watu wawili chomboni ni wawili mpaka mmoja aanguke. Hapo anabaki mmoja, na kwetu atakayebaki ni yule aliyezoea kuambiwa "shika hivi hivi."

Na maji yenyewe. Yalikuwa nyuzi 9. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Kanada aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili ajue mwili hufanya nini, ameliweka jambo hili katika namba tatu: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya mshtuko, ambapo mwili unavuta pumzi kwa pupa bila kukuuliza, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, basi. Dakika 10 hivi ambazo vidole na mikono bado vinakutii. Saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu.

Mimi siku zote niliogopa ile saa. Sasa nilianza kuzitazama zile dakika 10. Baada yake mtu anaweza kuwa hai, anakutazama, anakusikia, na hawezi kushika kamba uliyomtupia.

Waliotuzidi

Nilitafuta faraja mahali ambapo sikupaswa kuitafuta, kwa mabaharia wakubwa.

Éric Tabarly wa Ufaransa alishinda mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1964, akashinda tena 1976. Juni 1998, akiwa na miaka 66, alianguka usiku kutoka kwenye Pen Duick, chombo cha familia yake kilichokuwa kinatimiza miaka 100 mwaka ule. Walikuwa wanabadili tanga, boriti likamsukuma. Hakuwa amejifunga. Wenzake walikuwepo chomboni, na hawakumpata.

Mwaka 1983, mwezi Machi, Rob James alianguka karibu na Salcombe, kusini-magharibi mwa Uingereza, pale wavu wa kukanyagia wa chombo chake ulipoachia. Baridi ya maji ilimuua. Mkewe, Naomi James, ambaye miaka michache nyuma alikuwa ameizunguka dunia peke yake kwa tanga, alikuwa nchi kavu, mjamzito.

Niliisoma hiyo mara tatu. Sikuweza kuacha kumfikiria yeye, mwanamke anayezijua kamba zote, aliyewahi kufanya kila kazi ya chombo kwa mikono yake mwenyewe, na siku hiyo hakuwapo.

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa hatua saba kutoka kwa mume wangu, na taa, na macho.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni na nimeipenda, kwa sababu ndani yake mtu hurudi. Siku hizi nikiisikia, nauliza nani amemwahidi.

Zoezi

Nilimwomba tufanye zoezi la kumtoa mtu majini. Sikumwambia kwa nini. Nilisema nimesoma mahali.

Tulilifanya tukiwa tumetia nanga, mchana, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Hatukumtumbukiza, alilala kwenye mashua yetu ndogo ya mpira ubavuni mwa chombo, akalegeza mwili kama mtu asiyeweza kujisaidia, na kazi yangu ilikuwa kumpandisha sitahani peke yangu.

Henza, ile kamba inayopandisha tanga, niliishusha na kumfunga. Nikaipitisha kwenye winchi, nikaanza kuzungusha. Alipanda kiasi cha shubiri mbili, kisha mkono wa winchi ukagoma. Nilining'inia juu yake kwa uzito wangu wote. Nikajaribu kumvuta kwa mikono. Nikarudi kwenye winchi. Henza ikawa inasuguana na waya wa mlingoti, nikalazimika kumshusha na kuanza upya. Mwishowe niliketi sitahani nikihema, na yeye bado yuko chini.

Dakika 26.

Yeye alinitazama kutoka kule chini, amelala chali. "Basi, nitajitahidi nisianguke," akasema kwa upole, kunituliza.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia kwa miaka mingi. Nilimwambia asiniambie hivyo tena. Alishangaa, alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu hakujua kuwa kuna usiku ninaoubeba.

Siku mbili baadaye tulirudia, safari hii na kapi. Tulifunga seti ya kapi yenye kamba nne kati ya henza na mkanda wake. Uzito unagawanyika kwa nne, ukitoa kidogo kinachopotea kwenye msuguano; mtu wa kilo 80 anakuwa kama mzigo wa kilo 20 na ushei. Nilitumia dakika 9. Tulijifunza pia kumpandisha akiwa amelala, kwa kitanzi kimoja chini ya makwapa na kingine nyuma ya magoti, kwa sababu aliyekaa majini kwa muda akiinuliwa wima, damu hukimbilia miguuni na moyo unaweza kusimama pale pale anapookolewa.

Dakika 9 ziko ndani ya zile 10. Ila nilikuwa sijamtafuta gizani. Sijageuza chombo. Sijapoteza hata sekunde kwa kulia.

Swali

Baada ya zoezi la pili nilidhani nitapata usingizi. Sikupata. Nikaelewa kuwa nilikuwa nimejifunza jinsi ya kumtoa majini ili nisilazimike kumuuliza kwa nini hakufunga kulabu.

Nilimuuliza jioni moja, tumekaa, hakuna chochote kinachoendelea. Nilimwambia yote: saa 9, taa, kulabu, dakika 4, "ahsante." Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili. Atasema alisahau, au atasema sikuona vizuri. Nilikuwa na maneno ya kujibu kila moja.

Alinyamaza muda mrefu. Akanyoosha mikono yake mezani, viganja juu.

"Sikusahau," akasema. "Nilishindwa kuifungua."

Kulabu zile zina ulimi wa chuma wenye springi, na ili ufunguke lazima ubonyeze pande mbili kwa pamoja, gumba upande mmoja na kiganja upande wa pili. Zimetengenezwa hivyo makusudi, zisije zikafunguka zenyewe. Usiku ule alijaribu mara tatu akiwa ameinama mbele yangu, na nilidhani anakaza kamba ya kiatu. Vidole havikumtii. Anasema si mara ya kwanza. Msimu uliopita vilianza kuwa vyeupe na kufa ganzi, kidole kimoja, kisha viwili. Msimu huu ni vyote vya mkono wa kulia, na baridi haihitaji hata kuwa kali sana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nisiende omo."

"Ndiyo, ningesema."

"Na nani angekwenda?"

Hapo ndipo nilipokosa maneno. Kwa sababu mimi ndiye ningekwenda. Mikono yangu ni mizima. Naijua ile kamba, najua inaponasa, nimeshainasua mchana mara nyingi. Usiku ule hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo, na si kwamba tulilifikiria tukalikataa. Yeye aliondoka kwa sababu siku zote ndiye anayeondoka. Mimi nilibaki kwa sababu siku zote ndiye ninayebaki. Miaka yote hii niliita mpangilio huo mapenzi: ananikinga na baridi, na mimi namwachia heshima yake ya unahodha. Na sehemu kubwa ni mapenzi kweli. Siwezi kuyakana.

Lakini alitambaa gizani bila kulabu ili nisijue habari za vidole vyake, na mimi nikanyamaza ili asijue kuwa nimeona.

Tulivyoachia hapo

Sitaki kuandika kwamba sasa yamekwisha. Hayajaisha.

Daktari amemwona, na anataka kumwona tena. Tumebadilishana: mambo ya omo ni yangu usiku, usukani ni wake. Alilikubali hilo kwa neno moja na akatoka nje kutembea, akakaa huko saa nzima. Aliporudi alinieleza jinsi ya kuweka uzito wa mwili nyonga zikiwa chini, upande wa joshi unakotoka upepo, siyo wa demani unakokwenda, na kufunga kulabu ndani kabla ya kutoka badala ya kusubiri kufika sitahani. Alieleza taratibu, kila kitu, kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba. Nilisikiliza bila kumwambia kuwa mengi nilikuwa nayajua. Kisha nikajishika, nikamwambia kuwa mengi nilikuwa nayajua. Akacheka kidogo. Akasema aliona.

Kuhusu msimu ujao bado tunabishana. Yeye anataka twende, safari za mchana tu, ghuba hadi ghuba, hata kama itachukua wiki mbili kufika tulipofika kwa siku tatu. Mimi kuna siku nataka na kuna siku sitaki hata kulitazama lile koti langu la bahari pale mlangoni. Nikimwazia kwenye usukani na mimi huku omo, naona picha ile ile ikiwa imegeuzwa: safari hii ni yeye anayetazama taa yangu. Na ninajiuliza kama mikono yake itaweza winchi.

Ameleta ile kulabu nyumbani. Ameifunga kwenye mguu wa kiti, na jioni huvaa glavu nene, huizamisha mikono kwenye beseni la maji baridi, kisha hujaribu. Mkono wa kulia unamshinda mara nyingi. Sasa amehamia wa kushoto.

Naandika haya nikiwa chumba cha pili, mlango uko wazi. Namsikia. Kimya kirefu, kisha mlio mdogo wa springi, kisha kimya tena.

"Umesikia?" ananiuliza.

"Nimesikia. Ya ngapi hiyo?"

"Ya nne."

"Jaribu ukiwa umefumba macho."

Kimya. Nimeacha kuandika, nasubiri.